Taa Nyekundu kwa Sekunde 0.003: Uchambuzi wa Kisa cha Waya wa Klachi

Karatasi ninayoichambua hapa ni ndogo kama risiti ya dukani. Juu ina namba ya pikipiki ya binti yangu, chini yake safu mbili za tarakimu, yake kushoto na ya mpinzani wake kulia. Mstari wa kwanza upande wake unasomeka −0.003. Kwenye mbio za dragi alama hiyo ya kutoa ina maana moja tu: aliondoka kabla ya taa ya kijani, mti wa taa ukawaka mwekundu upande wake, na mbio zikamwishia palepale hata kabla hajaingiza gia ya pili. Ni sehemu tatu za elfu moja ya sekunde. Kufumba na kufumbua huchukua muda mrefu kuliko huo mara makumi.

Nakiandika kisa hiki chote, tangu usiku wa kuamkia mbio, kwa sababu kosa lilikuwa langu na aliyelibeba ni yeye.

Kwa ambaye hajawahi kusimama kando ya njia hizo, mbio zenyewe ni hivi. Pikipiki mbili husimama sambamba, mbele yao kuna mita 402 za lami iliyonyooka, yaani robo maili, na anayefika mwisho kwanza ndiye mshindi. Binti yangu hushindana katika daraja la kutangaza muda. Kila mwendeshaji huandika kwenye pikipiki yake muda anaodhani atautumia kumaliza njia, na mwenye muda mrefu hutangulia kuondoka kwa tofauti iliyopo kati yao. Yeye na ile pikipiki yake ya sentimita za ujazo 600 hutangaza 10.70. Akipangwa na mtu wa 9.95, anatangulia kwa sekunde 0.75, kisha anaanza kukimbizwa. Ukimaliza kwa muda mfupi kuliko uliotangaza, umejivunjia muda wako na umeshindwa. Kwa hiyo wenye injini kubwa hawana ubwana wowote hapa. Anayeshinda ni yule anayeondoka vizuri na kukimbia sawasawa na neno lake.

Kuondoka vizuri ndiko kwenye kazi. Mti wa taa, uliotumika tangu 1963, una taa tatu za manjano zinazowaka moja baada ya nyingine kwa kupishana nusu sekunde, halafu kijani. Hakuna mwendeshaji wa maana anayengoja kijani. Jicho lazima lione, ubongo uamue, vidole viachie klachi, sahani za ndani ya klachi zishikane, tairi lisogee. Yote hayo yanakula muda, kwa hiyo anaachia pale tu taa ya tatu ya manjano inapochomoza. Tairi la mbele limekaa juu ya mwali wa mwanga unaokatiza njia, na likiuachia mwali huo saa inapima: 0.000 ni kuondoka pamoja na kijani chenyewe, 0.020 ni kuzuri sana, 0.100 ni usingizi. Ukiwa chini ya sifuri, ni nyekundu.

Binti yangu aliyapenda mambo haya akiwa na miaka 13, aliposoma habari za Angelle Sampey, muuguzi wa Louisiana aliyechukua ubingwa wa pikipiki za Pro Stock, daraja la waendeshaji wa kulipwa, kule Marekani miaka mitatu mfululizo, 2000, 2001 na 2002, akiwashinda wanaume katika daraja lile lile, kwa taa zile zile. Hakuna daraja la wanawake pale. Hilo ndilo lililomvuta, na mimi pia, baada ya kumkatalia miaka mitatu. Siku niliyokubali nilimwambia: utavaa ngozi kuanzia shingoni mpaka vifundoni, utavaa kinga ya mgongo, kamba ya kuzima injini itafungwa mkononi mwako kila mara, na hakuna fundi mwingine atakayeigusa pikipiki hiyo isipokuwa mimi. Nilikuwa nimepanda pikipiki kwenda kazini kwa miaka 15 na kuitengeneza kwa mikono yangu. Niliamini nayajua ninayoyasema.

Usiku na siku yake

Usiku wa kuamkia mbio, yeye amelala, nilishuka gereji kuikagua pikipiki mara ya mwisho. Nilipita boliti kwa boliti. Nilipofika kwenye mkono wa klachi nikauvuta mpira unaozuia vumbi, nikamulika tochi. Pale waya unapoingia kwenye kichwa chake, nyuzi mbili zilikuwa zimekatika na kusimama wima kama sindano. Waya ukikatika mtu akiwa ameshikilia klachi kwenye mstari wa kuanzia, injini ikinguruma, pikipiki inaruka naye bila ruhusa. Nilimshukuru Mungu kwa kuliona hilo mapema. Waya mpya ulikuwamo kwenye sanduku la spana. Kwa dakika 20 nikawa nimeubadilisha, nimeupaka grisi, nimekaza nati.

Halafu nikafanya jambo la pili. Niliona mkono ule hauna ulegevu wa kutosha, yaani ile nafasi ya kuchezacheza kabla waya haujaanza kuvuta. Kwa pikipiki ya barabarani, waya uliokazwa mno huizuia klachi isishike sawasawa, sahani zikateleza na kuungua. Nikaupa ulegevu wa milimita 15 nchani mwa mkono, kama ninavyoupa wa kwangu, nikafuta mikono, nikaenda kulala na moyo mweupe. Sikumwamsha. Asubuhi nayo sikumwambia. Nilitaka kichwa chake kiwe kwenye taa, si kwenye spana.

Mbio ya kwanza ya majaribio aliitikia taa kwa 0.004.

Sijawahi kupiga kelele kama zile. Mwanangu, ambaye kwa kawaida yuko kwenye 0.020 na ushei, alikuwa ameigusa sifuri! Nilimfuata kwa gari kwenye njia ya kurudia, kama kawaida yetu, nikiipunga ile karatasi dirishani. Alivua helmeti, nywele zimemganda usoni kwa jasho, na hakuwa anacheka. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ukifumba na kufumbua hewani, kama mtu anayetafuta kitu alichozoea kukishika.

“Mama, leo inaondoka mapema,” akasema.

Nikamkumbatia na lile jaketi la ngozi lililopata joto. “Si pikipiki, mwanangu. Ni wewe umekua.”

Jaribio la pili 0.011. La tatu 0.006. Baada ya lile la tatu alirudia: “Naona kama inanitangulia.” Nikamjibu asiiogope kasi yake mwenyewe, na nikaenda kumpigia simu dada yangu kumsimulia. Raundi ya kwanza ya mtoano akapita kwa 0.013. Raundi ya pili ikawa ile −0.003.

Mpinzani wake siku hiyo alisinzia kwenye taa, 0.112. Angalia tarakimu hizo mbili kwa pamoja na utaelewa kwa nini sikulala. Binti yangu angeondoka hata kwa 0.050, ambako kwake ni kuvurunda, bado angekuwa na zaidi ya nusu ya sehemu moja ya kumi ya sekunde mfukoni. Kwenye daraja lile mtu anapewa nafasi kama hiyo mara chache sana.

Nilipomfikia kwenye njia ya kurudia alikuwa bado na helmeti kichwani. Badala ya kumwacha apumue nikamwambia, “Ungengoja kidogo tu.” Akasema, “Nilifanya kama siku zote.” Nami, kwa uchungu na mapenzi yaliyochanganyika, nikamtupia ile ya haraka haraka haina baraka. Hakujibu. Mpinzani alikuja akampa mkono kwa heshima, watu wawili watatu wakamwambia ni woga wa raundi, atazoea. Njia nzima ya kurudi nyumbani aliangalia dirishani.

Karatasi sakafuni

Usiku wa tatu niliitandaza sakafuni kila karatasi ya muda niliyokuwa nayo. Huwa nazitunza zote, kwa fahari tu ya mzazi, wala sikuwahi kuzitumia kwa lolote. Za mbio zilizotangulia, njia ile ile, zilikuwa saba: 0.017, 0.024, 0.019, 0.031, 0.022, 0.020, 0.028. Wastani wake ni 0.023. Za siku ile zilikuwa tano: 0.004, 0.011, 0.006, 0.013, −0.003. Wastani wake unaikaribia 0.006.

Nilianza na maelezo ambayo kila mtu alikuwa amenipa, yaani woga. Mtu akipatwa na woga mbele ya taa, namba zake hutawanyika. Mara anaachia mapema mno, mara anajizuia na kuchelewa. Nilitafuta huo mtawanyiko na sikuuona. Kwenye mbio zilizotangulia, kati ya namba yake ndogo na kubwa kulikuwa na tofauti ya 0.014. Siku ile tofauti ilikuwa 0.016. Ni mkono ule ule, uthabiti ule ule. Namba zake hazikutawanyika hata kidogo. Zilihama zote pamoja, kama mifugo iliyosukumwa kwa fimbo moja, kwa 0.017. Na zilikuwa zimekwisha kuhama tangu jaribio la kwanza, wakati hakukuwa na cha kupoteza wala cha kuogopa.

Hapo moyo ulianza kunidunda. Kitu kilichozisukuma zote kwa pamoja hakikuwa ndani ya kichwa chake.

Hali ya hewa niliiondoa upesi. Joto na unyevu hubadilisha hewa inayoingia kwenye injini, hivyo hubadilisha nguvu na muda wa kumaliza njia, ila vidole havijali joto. Mti wa taa nao ungeweza kuwa sababu, kwa kuwa balbu za zamani huchelewa kidogo kuwaka kuliko taa za LED, na anayehama kutoka mti mmoja kwenda mwingine huliona hilo kwenye namba zake. Lakini mti ulikuwa ule ule wa mara iliyopita.

Namna ya kujipanga kwenye mstari ilinichukua muda zaidi. Mwendeshaji akisogea mbele mno juu ya mwali, tairi lake linahitaji safari fupi zaidi kuuachia, na namba inashuka bila yeye kuharakisha chochote. Nilizitazama video zote kwenye simu, taswira kwa taswira. Binti yangu ana utaratibu ambao hauvunji: anasogea mpaka taa ndogo ya pili, ile inayoonyesha tairi limefika kwenye mwali, iwake, anasimama hapohapo, hasogei hata unywele. Siku ile alifanya vivyo hivyo mara zote tano.

Kilichobaki kilinitoa jasho. Kila karatasi inaonyesha pia muda wa mita 18 za mwanzo, na hapo ndipo ungeona kama pikipiki imepata nguvu mpya ya kuruka. Muda huo haukubadilika: kati ya 1.66 na 1.69 mbio zilizotangulia, kati ya 1.66 na 1.68 siku ile. Kwa maneno mengine, baada ya tairi kuuachia mwali, kila kitu kilikuwa kama zamani. Badiliko lilikaa mahali pamoja pembamba sana, kati ya vidole kuanza kufumbuka na tairi kuanza kusogea. Mahali hapo pana kitu kimoja tu, na mimi ndiye niliyekibadilisha usiku, peke yangu, kwa tochi.

Milimita 13

Nilishuka gereji. Waya wa zamani sikuwa nimeutupa. Kwenye uzi wa skrubu ya kurekebishia palikuwa na mstari wa uchafu ulioonyesha hasa mahali nati ilipokuwa imekaa kwa miezi, kwa hiyo niliweza kuurudisha ulivyokuwa bila kubahatisha. Niliinua gurudumu la nyuma kwa stendi, injini imezimwa, gia imeingizwa. Kisha nikawa nalizungusha gurudumu kwa mkono wa kulia huku nauachia mkono wa klachi polepole kwa wa kushoto, mpaka gurudumu lilipogoma. Hapo klachi imeshika. Nikapima kwa rula kutoka kwenye mpira wa usukani hadi nchani mwa mkono.

Kwa marekebisho ya zamani: milimita 38. Kwa yangu: milimita 25. Nilirudia mara sita na sikuipata namba nyingine.

Kwa asiyeelewa hili mara moja, na mimi nilikuwa mmoja wao, jambo liko hivi. Ulegevu mkubwa una maana kwamba mkono ukivutwa mpaka mwisho, klachi haiachani sana, hivyo vidole vikianza kufumbuka sahani zinakutana mapema, karibu kabisa na usukani. Ulegevu mdogo husogeza mahali hapo mbali, vidole vinasafiri zaidi kabla pikipiki haijashika. Mwanangu alikuwa ameuweka waya wake hivyo kwa makusudi, akiuzungusha kidogo kidogo kwa msimu mzima mpaka ukaendana na vidole vyake na jicho lake. Kilichoonekana kwangu kama uzembe wa matengenezo kilikuwa kipimo chake. Milimita 13, kwa kasi ambayo vidole vyake hufumbuka, ndiyo ile 0.017 yote.

Waya wenyewe ulistahili kubadilishwa, hilo silijutii, na ningeukuta tena vile ningeubadilisha tena. Hata ulegevu, fundi anaweza kuukosea. Kinachoniuma ni pale kwenye njia ya kurudia, saa nne asubuhi, binti yangu akinieleza kwa maneno matatu kilichokuwa kimetokea: leo inaondoka mapema. Alikuwa na muda wa kutosha kabla ya mtoano. Kurekebisha kungechukua dakika mbili na spana moja. Yeye alikuwa anatoa taarifa, na mimi, kwa jinsi nilivyokuwa nimejawa na fahari, nikasikia mtoto anayeona haya kusifiwa. Alirudia mara ya pili, nikamfariji. Tena nikaja kumlaumu kwa kosa ambalo alikuwa ameniripotia mapema mara mbili.

Wazazi tunaofuatana na watoto kwenye michezo hii tunahimizwa sana kuwatia moyo. Mimi nilitia moyo kupita kiasi cha kusikia. Fahari ile ilikuwa ya kweli, sikuigiza, na ndiyo maana ilinifunika masikio vizuri hivyo.

Nilimwambia asubuhi yake, kabla hajatoka. Nilimpa rula ashike mwenyewe, nikalizungusha gurudumu, akapima. Alitazama ile 25 kwa muda.

“Ulibadilisha lini?”

“Usiku ule, umelala.”

“Nilikuambia inaondoka mapema.”

“Uliniambia, mama. Uliniambia mara mbili na sikukusikia. Nisamehe. Na lile neno la haraka nalirudisha, halikuwa lako.”

Alinyamaza, akaufungua na kuufunga mkono ule mara kadhaa. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: kama klachi inashika mapema, si ni vizuri? Nami ilibidi nikubali kwamba kuna waendeshaji wengi wanaoitaka hivyo hasa. Lakini basi ungelazimika kulipia mahali pengine, ama kwa kuondoka na mizunguko michache ya injini, ama kwa kulifundisha upya jicho lingoje kitu ambacho mwili umekwisha kuzoea kutokingoja. Alifikiri, akasema anataka 38 yake. Waya mpya ulibaki, 38 ikarudi, na nilitia alama ya rangi nyeupe kwenye uzi wa skrubu. Siku ya mazoezi alipata 0.021, 0.025 na 0.018.

Tulibadilisha mambo mawili zaidi, yote kwa pendekezo lake. La kwanza ni daftari lililofungwa kwa kamba kwenye sanduku la spana: anayegusa boliti yoyote, hata kwa nia njema, hata saa sita usiku, anaandika na kuweka saa. La pili linanihusu mimi peke yangu. Karatasi ya muda haifunguliwi mpaka mwendeshaji awe amevua helmeti na kusema pikipiki ilivyokuwa, na maneno yake yawe yameandikwa kama alivyoyatamka. Ukishaiona namba nzuri, masikio yanaanza kutafuta maneno ya kuilinda. Najua kwa kuwa nilifanya hivyo.

Wiki tatu baadaye tulikuwa tena kwenye njia ile. Niliichukua karatasi kibandani, nikaikunja mara mbili bila kuitazama, nikaitia mfukoni na kumfuata kwa gari mpaka alipokuwa amesimama mwisho wa njia ya kurudia. Mkono mfukoni ulikuwa unanitetemeka. Alizima injini, akafungua ile kamba mkononi, akavua helmeti, akajifuta uso.

“Haya,” nikamwambia, kalamu iko tayari.

“Imeshika pale pale,” akasema. “Gia ya tatu ilichelewa kidogo kuingia. Kuondoka kulikuwa kwangu.”

Nikaandika yote matatu, ndipo nikaikunjua karatasi. 0.022.